Nyuma ya Santuri ya Kwanza Pana Nyumba

Yako mambo ambayo huingia nyumbani bila kubisha hodi, na mojawapo ni muziki wa kelele. Baba akitoka kazini jioni humkuta mwanawe amefunga mlango, na nyuma ya mlango huo magitaa yanakoroma kama mashine ya kusagia mahindi, ngoma zinakimbia kuliko moyo wa mtu, na mwimbaji anapiga unyende badala ya kuimba. Mama husema ni wazimu. Bibi husema ni pepo. Jirani husema ni mambo ya Wazungu. Kijana mwenyewe akiulizwa hujibu kwa neno moja tu: "Roki."

Makala haya hayakukusudiwa kumlazimisha mzazi yeyote aupende muziki huo. Kila sikio lina chakula chake. Yamekusudiwa kumweleza mzazi wa Jinja, wa Mbale na wa kwingineko kwamba muziki wa namna hiyo umekwisha kufanywa na vijana wa Afrika ya Mashariki. Kwamba albamu ya kwanza ya vijana hao ilitengenezwa hapa hapa Uganda. Na kwamba tukichunguza namna santuri za kwanza za makundi makubwa ya roki zilivyopatikana, karibu kila mara tutakuta nyuma yake nyumba, yaani baba, mama, bibi au jirani aliyetoa fedha, mbao au neno la kutia moyo. Jambo hilo ndilo linalotuhusu sisi wa ukurasa wa nyumbani.

VIJANA WAWILI WALIOVUKA MPAKA

Tarehe 7 Agosti 2020, wakati mipaka ilikuwa imefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona na majukwaa yote yalikuwa kimya, ilitolewa albamu ya kwanza ya kundi la vijana wawili wa Nairobi. Kundi liliitwa Duma, na albamu nayo ikaitwa Duma. Msomaji wa Kiswahili akilisikia jina hilo humfikiria mnyama yule mwenye mbio kuliko wote. Lakini wenyewe waliliazima kutoka Kikikuyu, ambako maana yake ni giza. Martin Khanja, ajulikanaye jukwaani kwa jina la Lord Spikeheart, ndiye aliyekuwa mwimbaji. Sam Karugu ndiye aliyekuwa mpiga gitaa na fundi wa mitambo.

Vijana hawa hawakuokotwa njiani. Walikuwa wamekwisha kupitia makundi mengine ya roki nzito ya Nairobi, kama Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, wakipiga mbele ya wasikilizaji wachache waliojuana kwa sura. Mwaka 2019 walivuka mpaka wakaja Kampala, wakafanya kazi katika studio ya Nyege Nyege Tapes, na huko ndiko walikorekodi nyimbo zao. Wimbo mmojawapo waliupa jina lenye kutaja Uganda. Hawakuwa na mpiga ngoma. Ngoma zao zilitoka katika mashine, zikapangwa kwa mwendo ambao mkono wa binadamu ungeshindwa kuufuata kwa muda mrefu. Juu ya ngoma hizo waliweka gitaa zito, na juu ya gitaa sauti ya Khanja, ambayo mara hunguruma kama ya mnyama pangoni na mara hupaa kama ya mtu aliyeunguzwa na maji moto.

Je, nani angenunua kitu cha namna hiyo? Redio zetu hazikuwa na nafasi ya kukipiga, na kumbi za harusi hazikuwa na haja nacho. Hata hivyo, magazeti ya muziki ya Ulaya na Marekani yaliisifu albamu hiyo, na mwisho wa mwaka ikaonekana katika orodha za albamu bora. Mipaka ilipofunguliwa, vijana hao walialikwa kwenye majukwaa ya Ulaya. Kampuni ya Sub Pop ya Seattle nchini Marekani nayo iliwatolea santuri ndogo. Kampuni hiyo ndiyo ile iliyotoa mwaka 1989 albamu ya kwanza ya kundi la Nirvana.

Tukiwa tumeitaja Nirvana, yafaa tuseme jambo kuhusu gharama, kwa kuwa mwenye nyumba hupenda kujua hesabu. Hati ya malipo ya studio kwa albamu ile ya kwanza ya Nirvana ilikuwa ya dola 606 na senti 17. Vijana wenyewe hawakuwa na fedha hizo. Rafiki yao mmoja, Jason Everman, ndiye aliyezitoa, nao wakamshukuru kwa kuliandika jina lake juu ya jalada kama mpiga gitaa, ingawa hakuwa amepiga hata wimbo mmoja katika albamu hiyo. Kumbe hata muziki uliokuja kuitikisa dunia ulianza kwa mchango, kama tunavyochangiana sisi kwa arusi na kwa msiba.

BABA ALIYEKOPA PAUNI 250

Turudi nyuma zaidi, hadi chimbuko la roki nzito. Wengi wanaojua historia ya muziki huo hukubaliana kwamba ilianza kusikika kwa ukamilifu wake tarehe 13 Februari 1970, siku ilipotolewa albamu ya kwanza ya kundi la Black Sabbath. Vijana wanne wa kundi hilo walitoka Aston, mtaa wa wafanyakazi katika mji wa Birmingham nchini Uingereza, mji wa viwanda vya chuma. Wapo wapenzi wa muziki huo wanaosema kwamba kishindo chake ni kishindo cha mashine za Birmingham zilizokuwa zikigonga chuma mchana na usiku. Albamu yenyewe ilirekodiwa kwa siku moja tu mnamo Oktoba 1969. Wachambuzi waliibeza, wananchi waliinunua, ikapanda hadi nafasi ya 8 katika orodha ya Uingereza.

Lakini yanayotugusa sisi ni yale yaliyotangulia siku hiyo. Mpiga gitaa Tony Iommi alikuwa na umri wa miaka 17 alipokatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine kiwandani, na ajali hiyo ilimpata katika siku yake ya mwisho ya kazi. Yeye hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole hivyo ndivyo vya kubana nyuzi. Akajua mambo yamekwisha. Msimamizi wake wa kiwandani ndiye aliyemfuata nyumbani na santuri mkononi, akamtaka aisikilize. Ilikuwa ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyepiga nyuzi kwa vidole viwili tu baada ya mkono wake kuungua moto. Kijana akainuka. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea kofia za vidole, akalegeza nyuzi ili zisimwumize. Na kulegeza huko nyuzi ni mojawapo ya mambo yaliyoifanya sauti ya gitaa lake iwe nzito vile.

Mwimbaji wao alikuwa Ozzy Osbourne, kijana aliyeacha shule na kufanya kazi ndogo ndogo, ikiwamo ya machinjioni, na ambaye alikuwa amekwisha kuonja jela kwa wizi. Baba yake alikuwa fundi wa vyuma mwenye kufanya kazi ya zamu ya usiku. Mzazi mwingine angemfukuza. Mzee huyu alikwenda kukopa pauni 250, akamnunulia mwanawe vipaza sauti na mitambo yake. Fedha hiyo haikuwa ndogo kwa mfanyakazi wa siku zile. Ozzy mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba mitambo hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango, kwa kuwa mwimbaji mwenye vyombo vyake alikuwa na thamani kuliko mwenye sauti tupu. Alifariki tarehe 22 Julai 2025, wiki mbili na siku chache baada ya kuimba kwa mara ya mwisho na wenzake katika uwanja wa Villa Park, pale pale Aston walikotoka.

MTOTO WA UNGUJA NA MBAO ZA JIKO

Mfano wa pili unatuleta karibu na pwani yetu. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa karani wa serikali. Familia yake iliondoka Zanzibar mwaka 1964 baada ya Mapinduzi na kuhamia karibu na London. Huko kijana huyo akawa Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen. Albamu yao ya kwanza ilitoka tarehe 13 Julai 1973. Kwa kuwa hawakuwa na fedha za kulipia saa nzuri za studio, walirekodi katika saa zilizobaki, wenye kulipa walipokuwa wamekwenda zao. Santuri yao ndogo ya kwanza haikuingia katika orodha yoyote. Albamu yenyewe ilichelewa, ikafika nafasi ya 24 Uingereza mwaka 1974, baada ya watu kuipenda albamu ya pili na kurudi kuitafuta ya kwanza. Subira ndiyo iliyovuta heri.

Gitaa linalosikika katika albamu hiyo lina historia ambayo kila baba angepaswa kuijua. Brian May alipokuwa kijana wa shule hakuweza kununua gitaa la umeme, kwani bei yake ilikuwa juu ya uwezo wa nyumba yao. Mwaka 1963 yeye na baba yake, Harold, walianza kulitengeneza wenyewe. Shingo ya gitaa waliichonga kutoka ubao wa zamani wa fremu ya jiko la kuotea moto. Springi walizitoa katika pikipiki kuukuu. Kazi iliwachukua takribani miaka miwili, nalo gitaa hilo ndilo May aliloendelea kulipiga kwa zaidi ya miaka 50. Baadaye mwana alipoacha masomo yake ya juu ya elimu ya nyota ili afuate muziki, baba huyo huyo aliudhika sana, na maelewano yao yakapungua kwa muda. Hadithi ilimalizika vizuri pande zote mbili: mwaka 2007 Brian May alirudi chuoni akamaliza, akapata shahada ya udaktari wa falsafa.

Katika mifano hii miwili hatuoni mzazi aliyeuelewa muziki wa mwanawe. Fundi wa zamu ya usiku hakuwa shabiki wa roki, wala Harold May hakutaka mwanawe awe mwanamuziki. Waliyoyafanya ni mambo ya kawaida ya uzazi: mmoja alikopa, mwingine alishika randa. Walimsaidia mtoto kabla ya kuielewa kazi yake.

UZITO HUU SI MGENI KWETU

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni ya Birmingham, nasi tuna mila zetu. Basi tuzitazame hizo mila.

Jinja nayo ni mji wa viwanda. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na umeme wake ukavuta viwanda vya nguo, vya chuma na vya mbao. Shaba ya Kilembe ilikuwa ikiletwa kwa reli kutoka Kasese ili iyeyushwe Jinja. Vizazi vya watu wa mji huo vililala na kuamka kwa honi za viwanda. Vingi vya viwanda hivyo vilizorota baada ya mwaka 1972, na vijana wa mitaa ya Walukuba na Mpumudde wakarithi majina ya viwanda kuliko ajira zake. Atakayeshangaa kwamba kijana wa mji wa namna hiyo anapenda sauti ya chuma, na aende akasimame dakika tano nje ya karakana ya kuchomelea.

Na kabla ya viwanda, Busoga ilikuwa na embaire. Hiyo ni marimba kubwa ya magogo yanayolazwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini, na shimo ndilo linaloikuza sauti. Wapigaji huketi pande mbili wakitazamana, watu sita au zaidi juu ya chombo kimoja, kila mmoja akigonga katika nafasi aliyoiacha mwenzake, hata msikilizaji asijue nani ni nani. Mtu husikia mdundo wake kwa nyayo kabla ya masikio. Kundi la Nakibembe Embaire lilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 2023 kwa mkono wa nyumba ile ile iliyowatoa Duma, na likafika kwenye majukwaa ya Ulaya.

Tukipita Iganga na Tirinyi hadi Mbale, chini ya mlima Wanale, tutakuta ngoma za kadodi. Hizo hupigwa wakati wa imbalu, tohara ya Wagisu, ambayo hufanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili na huzinduliwa katika uwanja wa Mutoto mwezi wa Agosti. Wapigaji huzivaa ngoma begani na kwenda nazo mbio huku wakizipiga, na kijana anayekabili kisu huchezeshwa nazo kwa siku kadhaa ili ajasirike. Hapana anayesema kwamba kadodi ni muziki wa kubembeleza mtoto mchanga. Kazi yake ni kumtoa mtu katika hofu kwa nguvu ya kishindo, na katika hilo inafanana na roki nzito kuliko wengi wetu tunavyotaka kukiri.

Mbale hiyo hiyo imetoa pia sauti ya upole iliyotembea dunia. Jumuiya ya Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda, walioanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, ilirekodi nyimbo zake za ibada katika albamu iliyotolewa mwaka 2003 na Smithsonian Folkways ya Marekani, na albamu hiyo ikapendekezwa kuwania tuzo ya Grammy. Hivyo nchi yetu ya mashariki imekwisha kujulikana kwa zaburi na kwa kishindo.

HOFU ZA WAKUBWA

Hofu ya wazee juu ya mambo ya vijana si ya jana. Mwaka 1972 hapa Uganda sketi fupi zilipigwa marufuku kwa amri ya serikali. Waliokimbizwa mitaani siku zile ni mabibi wenye heshima leo. Mwaka 1994 Rais Moi wa Kenya aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Katika hali ya wasiwasi kama ile, kijana aliyevaa fulana nyeusi yenye picha ya fuvu hakuwa na raha.

Jinja nayo imepata sehemu yake. Tamasha la Nyege Nyege, ambalo lina waanzilishi wamoja na nyumba ya kurekodi ya jina hilo, lilianza kando ya Mto Nile mwaka 2015. Jina lenyewe limeongeza moto. Katika Kiluganda humaanisha hamu ya ghafla ya kucheza isiyozuilika. Katika Kiswahili lina maana ambayo haitajwi mbele ya wakwe. Mwaka 2018 Waziri wa Maadili, Simon Lokodo, alitangaza kulipiga marufuku, kisha likaruhusiwa. Mwezi Septemba 2022 Bunge lilitaka lizuiwe, na muda si mrefu Serikali ikaliruhusu kwa masharti. Likafanyika kwenye maporomoko ya Itanda. Waliosema lizuiwe walitaja ulevi, dawa za kulevya na utovu wa adabu. Waliosema liendelee walitaja vyumba vya kulala wageni, madereva wa boda boda, wauza chapati na wakaanga samaki wanaopata katika siku nne kipato wasichokipata kwa majuma mengi.

Pande zote mbili zilisema kweli, na hapa ndipo penye ugumu. Mama anayeuza chakula langoni mwa tamasha anaweza kuwa ndiye huyo huyo mwenye binti wa miaka 16 anayetaka kuingia ndani. Fedha anaihitaji, na binti anamhitaji. Tatizo lake halitatuliwi na kauli ya marufuku, wala na kauli ya uhuru. Linatatuliwa na lango linalouliza umri, polisi wanaolinda wasichana badala ya kuwatisha, na mama mwenyewe aliyekwisha kuzungumza na mwanawe nyumbani kabla ya siku hiyo.

HATARI ZA KWELI NA ZA KUDHANIWA

Yafaa basi tutenganishe hatari za kweli na za kudhaniwa. Ya kwanza ya kweli ni masikio. Wataalamu wa usalama kazini hushauri kwamba sauti ya desibeli 85 isisikilizwe kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kwamba kila inapoongezeka desibeli 3 muda huo upunguzwe kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, sauti ya desibeli 100, ambayo ni ya kawaida mbele ya vipaza sauti vya tamasha, haifai kuzidi dakika 15 bila kinga. Sikio likishakufa halifufuki. Vizibo vya masikio si ushamba. Wapigaji wenyewe huvivaa.

Ya pili ni ulevi na dawa za kulevya. Ozzy Osbourne aliyetajwa hapo juu alipoteza miaka mingi ya maisha yake katika mambo hayo, na hakuwahi kuyaficha. Ya tatu ni maneno ya nyimbo. Albamu ya Duma inazungumzia giza, mauti na mateso, na baadhi ya maneno yake hayamfai mtoto mdogo, wala kijana aliyeelemewa na huzuni. Mzazi asijifanye haoni. Na aulize nyimbo zinasema nini, na zaidi ya hapo amwulize mwanawe kwa nini maneno hayo yanamgusa. Mara nyingine kelele ndani ya chumba ni njia ya mtoto kusema jambo ambalo halijui jina lake.

Lakini kwamba muziki huu humtenga kijana na ukoo wake, hilo si lazima. Martin Khanja alipotoa albamu yake ya peke yake mwaka 2024, aliitunukia Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyekuwa Jemadari Mkuu wa Mau Mau na ambaye Khanja hujitaja kuwa kitukuu chake. Bibi huyo alifuga nywele zake tangu siku za msitu hadi Aprili 2022, aliponyolewa na Mama Ngina Kenyatta, na alifariki Septemba 2023. Kijana aliyedhaniwa kuwa amepotelea katika mambo ya kigeni ndiye aliyelipeleka jina la bibi yake kwa wasikilizaji ambao hawakuwa wamepata kulisikia.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Tumalizie na jambo la kazi. Ikiwa mwanao ana kipaji na amepata mtu wa kumtolea albamu ya kwanza, usiache akatie sahihi peke yake kwa furaha. Keti naye, msome karatasi hiyo neno kwa neno, na kama imeandikwa kwa lugha ya wanasheria mtafute mwenye kuijua. Ulizeni haya: Je, kanda asili itakuwa mali ya nani? Kwa miaka mingapi? Gharama za studio zitakatwa katika mapato ya nani, na kabla au baada ya mgawo? Fedha za nyimbo kuchezwa redioni na katika mitandao zitagawanywaje? Kundi likivunjika, jina litabaki kwa nani? Na wenyewe kwa wenyewe ndani ya kundi waandikiane, maana urafiki wa siku ya kwanza hausomi hesabu ya siku ya mwisho.

Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 ilimpa mtunzi haki juu ya kazi yake tangu inapowekwa katika umbo la kudumu, kama maandishi au kanda, na haki hiyo kuendelea kwa miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake wimbo ni urithi, kama shamba la kahawa kwenye miteremko ya Elgon. Hakuna mzazi mwenye akili angemwacha mwanawe auze shamba la kahawa kwa chakula cha mchana. Na wimbo usiuzwe hivyo.

Ndugu mzazi, huna haja ya kuipenda sauti inayotoka nyuma ya mlango ule. Gonga mlango, ingia, keti kitandani, msikilize wimbo mmoja hadi mwisho, kisha uliza maswali yako. Mwambie apunguze sauti ifikapo saa tatu usiku kwa sababu jirani ana mtoto mchanga, na mwambie kwamba kitabu cha shule hakina ugomvi na gitaa. Kama nyumba haina fedha za kununua chombo, tazameni pamoja ni ubao gani na waya gani uliopo karakanani. Albamu haitatoka mwaka huu, na pengine haitatoka kabisa. Lakini mtoto atakuwa amejifunza randa, kupima na kuvumilia, naye atakuwa amejua kwamba katika nyumba ile alisikilizwa.